Mara Moja ni Ndiyo

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kisosi. Kaka yangu alikuwa ameweka misumari kwenye kisosi.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Lakini sisi ni watu wa makochi, na fundi wa makochi huweka misumari mdomoni. Anaitia ile midogo yenye vichwa bapa, ishirini au thelathini kwa mkupuo, anaigeuza kwa ulimi mpaka kichwa kitokeze kati ya midomo, anauchomoa mmoja, anapiga, anachomoa mwingine. Mkono mmoja unavuta kitambaa kisilegee, mwingine una nyundo, na mkono wa tatu hakuna. Baba alifanya kazi hivyo maisha yake yote, na kaka akamfuata. Sasa kisosi kilikuwa juu ya fremu, kaka alikuwa akiachia kitambaa kila baada ya msumari, kitambaa kikawa kinakunjamana, na mdomo wake mtupu ulikuwa ukitembea.

Alikuwa akisema maneno peke yake.

Shangazi, dada yake baba, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na kila asubuhi huja kunisaidia. Naye aliona.

"Sindano," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, kwa wembamba wangu na kwa kuwa sitoi sauti hata nikipita. "Huyu kaka yako siku hizi anaongea na makochi. Siku kochi likimjibu niite, nije na kamba tumfunge."

"Kochi linasikiliza, shangazi," kaka akasema. "Si kama watu wengine."

"Linasikiliza kwa sababu ndani limejaa sponji. Mmefanana."

Shangazi alicheka mpaka akashika goti lake bovu. Mimi sikucheka. Mtu anayefanyia maneno mazoezi ana jambo zito la kusema, na katika nyumba yetu jambo zito la kaka lilikuwa moja tu. Nilishusha uso kwenye cherehani nikashona mshono ambao baadaye ilibidi niufumue wote.

Karakana yetu ndiyo sebule. Kaka anakaa karibu na mlango wa barabarani, penye mwanga, na fremu na nyundo; mimi nakaa dirishani nashona mifuniko. Baba yumo chumba cha nyuma. Mlango wa chumba chake tuliung'oa ili awe anasikia kazi.

Zamani, alipokuwa mzima, baba hakuweza kuongea akiwa kazini kwa sababu ya misumari mdomoni. Kwa hiyo alijibu kwa nyundo. Aliigonga kwenye mbao mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Mama, kabla hajafariki, alikuwa akiuliza kutoka jikoni, "Nikuletee chai?" na jibu linakuja, ko. Mimi nilikuwa nikiuliza, "Baba, nikacheze?" na jibu linakuja, ko-ko, nami narudi kuosha vyombo. Mpaka leo nikipita mahali nikasikia nyundo ikigonga mara mbili, miguu inasimama yenyewe.

Kisha kiharusi kikampata. Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita, maana nilichelewa kuanza shule. Kaka alikuwa na ishirini, ametoka kumaliza sekondari, anangoja majibu. Wiki ile niliomba ruhusa shuleni ya siku mbili. Niliacha madaftari yangu ndani ya dawati, nikajua Jumatatu nitayakuta. Sikurudi tena.

Mdomo wa baba ulipinda na maneno yakaisha. Upande wa kulia ukafa wote. Mkono wa kushoto ulibaki na nguvu kidogo, haukuweza kushika nyundo lakini uliweza kuminya. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa ukutani kwa upande huohuo wa kushoto, kikabakiza upenyo mwembamba ambao mtu mzima hapiti. Mimi nilipita. Nikawa ndiye ninayeshikwa. Kaka au shangazi anauliza, baba ananiminya kiganja, mimi natangaza. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Nilikuwa mtoto asiyeongea, ghafla nyumba nzima ikawa inanyamaza kunisikiliza.

Siku niliyofumua ule mshono ilikuwa Jumatatu. Mchana tukaenda kumgeuza baba, kwa sababu asipogeuzwa kila baada ya saa mbili mgongo wake unatoka vidonda. Tunamgeuza kwa shuka. Kaka anashika pembe mbili, mimi mbili, kaka anahesabu mpaka tatu. Tulipomaliza, kaka hakuachia shuka.

"Nimepata tena nafasi chuo kikuu," akasema. "Uhandisi, kama mwanzo. Niliomba mwezi wa pili, sikumwambia mtu."

Nikamwangalia baba. Alikuwa amefumba macho.

"Natakiwa kuthibitisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ikipita, wamesema hawatanifikiria tena, matokeo yangu yatakuwa yamezeeka." Alicheka kidogo. "Nina miaka ishirini na mitano, mdogo wangu. Nitakaa na watoto waliokuwa wakija hapa na mama zao, wakirukaruka kwenye makochi yangu."

"Ada?"

"Ada imepatikana. Hilo ndilo liliniweka mwaka mzima. Na shangazi amekubali kuhamia hapa. Fundi wa ng'ambo atachukua kazi za mbao, wewe utaendelea kushona." Akakunja pembe ya shuka, akaikunjua. "Bado Mzee. Nimekuwa nikitafuta namna ya kumwambia. Mara ya kwanza nilimrukia tu na karatasi mkononi, labda ndiyo maana akakataa. Safari hii nataka nimweleze vizuri. Akikubali, nakwenda. Akikataa tena, basi, sitalitaja mpaka nazikwa."

"Na asipojibu?"

"Atajibu. Ni baba yangu."

Nilibeba beseni nikatoka nalo uani, nikamwaga maji ambayo yalikuwa bado safi.

Ngoja niseme ilivyokuwa mara ya kwanza.

Baba alikuwa na wiki kumi na moja kitandani. Kaka alisimama miguuni pake na barua. Alikuwa amevaa shati la kanisani ingawa ilikuwa Jumatano. Alisema, "Mzee, nimechaguliwa. Miaka minne. Nikienda, mdogo wangu na shangazi watakutunza, nami nitakuwa narudi likizo. Niende?"

Siku chache kabla ya hapo kaka alikuwa amekwenda kununua sponji, shangazi yuko kwake, nami nikajaribu kumgeuza baba peke yangu. Aliniteleza. Tulianguka wote wawili kati ya kitanda na kabati, yeye juu, mimi chini. Nilikuwa na pumzi ya kupumua tu, ya kuita sikuwa nayo. Mkojo wake ulitulowesha. Tulilala hivyo tangu asubuhi mpaka kivuli cha dirisha kilipohama ukuta mzima. Kaka aliporudi nilimwambia tumeanguka sasa hivi.

Basi kaka aliposema "niende", mimi sikuwa nafikiri chuo. Nilikuwa nafikiri sakafu.

Baba akaniminya. Mara moja. Aliminya kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, akashikilia, kisha akaachia. Nikangoja ya pili. Niliomba Mungu ije ya pili. Haikuja.

"Amesemaje?" kaka akauliza.

"Mara mbili," nikasema.

Kaka alikunja barua. Alisema, "Sawa, Mzee," akatoka, na baada ya muda nikasikia nyundo. Baba alikuwa amesikia kila neno. Aligeuza macho akanitazama, kisha akaanza kuniminya. Moja. Moja. Moja. Kama mtu anayegonga mlango akijua ndani kuna watu. Nikachomoa mkono wangu.

Miaka mitano nimekuwa nikimlisha, nikimwosha, nikimkata kucha. Kila nikiinama juu yake, macho yake yananingoja niseme. Mwanzoni nilikuwa nikimwambia kwa ndani, kesho. Baadaye niliacha kumwambia. Kaka alinywea. Hakupiga kelele wala hakulewa wala hakunitupia neno. Alikuwa fundi mzuri. Kuna siku nilimkuta akipima kiti kwa kamba, kisha akakaa anaandika hesabu ndefu kwenye ubao wa fremu, hesabu isiyohusu kiti kile wala kiti chochote. Aliponiona akaifunika kwa gunia, akaligongomea misumari.

Mwezi wa tatu mwaka huu kiharusi cha pili kikaja, kidogo, bila kishindo. Kilichukua kilichobaki cha mkono wa kushoto. Kaka hakutaka kuliamini. Alisema mkono umechoka tu.

Jumatano aliuliza. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijiambia nitaingia kwenye upenyo, nitashika ule mkono uliokufa, nitasema "mara moja", na yote yatakuwa yamelipwa. Nilijikaza, nikaanza kujipenyeza ukutani.

"Hapana," kaka akasema. "Toka. Safari hii namshika mwenyewe."

Akavuta kitanda. Miguu yake ilikwaruza sakafu, na pale kilipokuwa kimesimama miaka yote palikuwa na mistari minne ya vumbi jeusi. Kaka akazunguka, akapiga magoti upande wa ukutani, akachukua mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili. Shangazi alisimama penye uwazi wa mlango. Mimi nilisimama miguuni, pale alipokuwa amesimama kaka mwaka ule.

Alimweleza. Maneno aliyoyafanyia mazoezi yalikuwa mazuri, na aliyasema polepole. Alisema hataki kumkimbia. Alisema amengoja, na hakumnung'unikia hata siku moja. Alisema, "Mzee, naomba ruhusa yako. Niende?"

Tukangoja. Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, likalia mpaka likapotea. Baba alikuwa na macho wazi, yametazama dari. Kidole hakikutikisika.

"Mzee. Mara moja tu."

Alikaa pale nusu saa. Magoti yake yalipokufa ganzi akakaa chini bila kuachia mkono. Mwisho akaulaza kifuani kwa baba, taratibu, akausawazisha vidole.

"Basi," akasema.

"Basi nini?" shangazi akauliza.

"Hajasema ndiyo. Neno lake bado ni lile la kwanza."

"Mtoto wa kaka yangu, sikiliza. Mtu anayekabwa na uji, wewe unamngoja akusainie ruhusa? Hawezi. Hata umuulize kama wewe ni mwanawe au ni paka wa jirani, hawezi."

"Alipoweza alisema hapana, shangazi. Hakuwa na haya ya kunikatalia. Aliminya mara mbili. Nikienda leo kwa sababu hana tena nguvu ya kunizuia, mimi nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Utakuwa mhandisi."

"Kwa kumwibia baba yangu jibu lake?"

Shangazi alinigeukia. "Sindano, sema nawe kitu. Au umemeza uzi?"

Walinitazama wote wawili. Nilisema, "Nirudishe kitanda?"

"Rudisha," kaka akasema.

Alhamisi nilijaribu njia ya mkato. Nilimkuta uani anaosha uso, nikamwambia, "Kaka, leo nilipokuwa namwosha, aliniminya. Nilimuuliza habari yako, akaminya."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Alijifuta uso. Nilitegemea atakimbilia ndani. Badala yake akaniwekea mkono kichwani, kama nilipokuwa mdogo, na mkono ulikuwa bado una maji.

"Mdogo wangu, usinionee huruma hivyo," akasema. "Wewe hujui kudanganya. Hujawahi kujua. Uso wako wote unatetemeka."

Akaniacha nimesimama. Niliingia chooni nikafunga komeo, nikajing'ata mkono ili shangazi asisikie. Uongo ulikuwa umeaminiwa miaka mitano bila swali. Na sasa jibu la kweli la baba, nililochelewa kulitoa, lilionekana uongo kwa sababu nililitia ndani ya asubuhi ambayo hakuniminya. Hapakuwa na pa kupitia tena ila palepale nilipodanganya.

Ijumaa mteja mmoja, mwenye ukumbi wa sherehe, alikuja saa tatu. Ana viti sitini vya kubadilisha sponji na vitambaa, na alitaka mtu atakayekaa navyo mpaka mwisho wa mwaka bila kumtoroka. Kaka alimpeleka akaone kazi zake, akambonyezesha sponji mbili achague ugumu. Mwenye ukumbi alikuwa mtu wa mizaha.

"Nimesikia unataka kutuacha, Fundi. Eti unakwenda kusomea madaraja."

"Nani kakwambia?"

"Shangazi yako anawatangazia watu kama mbiu ya msiba."

"Mwambie madaraja yameisha, yote yamejengwa," kaka akasema. "Niletee viti."

Walipeana mikono. Kaka alirudi, akavuta fremu ya kochi la watu wengine, akaanza kufunga mikanda ya raba. Aliivuta kwa nguvu mno, mmoja ukakatika ukampiga kwenye shavu. Hakushika shavu. Alichukua mwingine. Simu yake ilikuwa juu ya rafu, kioo kimelala chini, kama mtu aliyelala kifudifudi.

Saa nne ikapita. Shangazi alikuja na dawa za baba, akamtazama kaka, akanitazama mimi, akasema hajawahi kuona msiba ambao maiti wote wanafanya kazi. Aliingia chumbani, nikamsikia akimwambia baba, "Amka basi, kaka yangu, amka hata kwa dakika moja umfukuze huyu mtoto." Kisha nikamsikia analia, shangazi ambaye sijawahi kumsikia akilia hata siku ya kumzika mama.

Mara ya kwanza niliposimama nilisema, "Kaka."

"Naam."

"Uzi mweusi umekwisha."

"Uko kwenye kopo la chini."

Nilijua uko kwenye kopo la chini. Nikautoa, nikautia kwenye cherehani iliyokuwa na uzi.

Mara ya pili nilifika mpaka kwenye fremu. Aliinua uso. Palikuwa na mstari mwekundu shavuni alipopigwa na raba. Nikauona uso wake utakavyokuwa nikisha kusema, nikaona atakavyonitazama maisha yake yote yaliyobaki, ama akiwa hapa ama akiwa huko. Nilikuwa nimemzuia ili nisibaki peke yangu. Nikisema, nitabaki peke yangu zaidi ya vile nilivyoogopa, na baba atakuwa bado mzito vilevile, na goti la shangazi litakuwa bovu vilevile. Nikamwambia shavu lake linatoka damu. Akapangusa. Nikarudi dirishani.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu, kisha ikawa na dakika arobaini. Mikono yangu ilikuwa juu ya kitambaa, mguu uko kwenye kanyagio, na cherehani haiendi. Kaka alikuwa ameacha kupiga nyundo. Alikuwa amekaa tu kwenye kigoda, mgongo kwangu, mikono imening'inia kati ya magoti. Alikuwa anaingoja saa ipite, ili iwe imepita.

Nikasimama. Sikumfuata safari hii, maana nilijua nikiuona uso wake nitazungumzia uzi. Nilisimama palepale, nikauambia mgongo wake.

"Kaka, mwaka ule Mzee aliminya mara moja. Sikukosea kuhesabu. Aliminya mara moja, kwa nguvu, halafu nikakwambia mara mbili. Ulipotoka aliminya tena na tena, alitaka niseme, nikamnyang'anya mkono wangu. Alisema uende. Niliogopa kuachwa naye, na bado naogopa. Lakini alisema uende, kaka, na zimebaki dakika ishirini."